Kijana Wetu Amezidisha Dawa: Maswali ya Familia Kuhusu Faragha na Msaada

Ukurasa huu ni wa wazazi, walezi na ndugu wa kijana aliyezidisha dawa za kulevya, pombe au vidonge vya hospitali. Maswali yaliyomo ni yale ambayo familia huuliza zaidi, mengine kwa sauti ya chini mlangoni, baada ya mazungumzo rasmi kwisha. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: yaliyomkuta kijana huyu ni yake kwanza, na watu wa nje hawana haki ya kuyajua. Lakini yeyote anayeweza kumwokoa asifichwe kitu.

Kama kijana yuko mbele yako sasa hivi, haamki au hapumui vizuri, acha kusoma. Piga simu ya dharura au mkimbize kituo cha afya kilicho karibu.

Ameruhusiwa kutoka hospitali. Usiku huu tuangalie nini?

Angalieni kupumua kwanza. Pumzi za polepole zinazokatikakatika, mkoromo mzito usio wake, midomo au kucha kugeuka rangi ya samawati au kijivu, kutoitikia ukimwita na kumtikisa: hizo ni dalili za kurudi hospitali saa hiyo hiyo, si za kusubiri kukuche. Familia husikia mkoromo ule na kufarijika kwamba amelala fofofo, kumbe njia ya hewa inaziba. Asiachwe peke yake chumbani "alale ulevi umtoke".

Kuna mambo mawili yanayowapotosha watu wazima wenye akili zao timamu. La kwanza ni naloksoni, dawa inayomzindua aliyezidisha heroini, mofini au dawa nyingine za jamii ya afyuni. Hufanya kazi kwa kati ya dakika 30 na 90 tu, ilhali dawa alizotumia zinaweza kukaa mwilini kwa saa nyingi zaidi. Kijana aliyekaa kitandani akaomba maji anaweza kuzama tena. Ndiyo maana wauguzi hukataa kumruhusu mapema, hata akisisitiza kwamba yuko sawa.

La pili ni parasetamoli, vidonge vya maumivu vilivyomo karibu kila nyumba. Aliyevimeza kupita kiasi anaweza kuonekana mzima siku ya kwanza, anakula na kuchati, huku ini likiharibika taratibu. Dawa ya kuzuia madhara hayo ipo, na hufaa zaidi ikianza kutolewa ndani ya saa 8. Mkiwa na wasiwasi hata kidogo kwamba alivimeza, mwambieni daktari bila kungoja dalili. Chukueni na pakiti tupu mlizozikuta chumbani au kwenye pipa la taka.

Simu hazikomi. Ndugu, majirani, watu wa ibada. Tuwaambie nini?

Chagueni mtu mmoja wa kuzungumza kwa niaba ya familia. Asiwe mama, wala ndugu anayelala hospitalini kumuuguza. Shangazi au mjomba mtulivu, asiyependa kunogesha habari, anafaa zaidi. Simu zote zielekezwe kwake, na ujumbe uwe mmoja kwa kila mtu. Kwa mfano:

"Kijana wetu aliugua ghafla na sasa yuko chini ya uangalizi wa madaktari. Tunashukuru kwa kutujali. Kwa sasa tunaomba nafasi kama familia, na hatutaeleza zaidi. Kukiwa na jambo la kusaidia, tutawaambia sisi wenyewe."

Basi. Usiongeze neno kwa sababu upande wa pili umekaa kimya ukingoja. Atakayeuliza mara ya tatu ajibiwe kwa maneno yale yale, kwa upole ule ule. Watu huchoka kuuliza wakiona jibu halibadiliki.

Si tutakuwa tunadanganya?

Hapana. Kukataa kueleza si kudanganya. Kudanganya ni kusema ilikuwa malaria au ajali ya pikipiki, na hapo nawasihi msifike. Uongo wa aina hiyo unataka kulishwa kila siku: kesho mtu atauliza vipimo, keshokutwa mwingine atauliza gereji. Na kijana akisikia wazazi wake wakitunga, ataamini kwamba alichofanya ni aibu isiyotamkika hata na wanaompenda. Siku akijisikia kutumia tena, hatawaambia.

Nani basi ajue ukweli wote?

Ni wachache, na kila mmoja kwa sababu yake. Daktari na muuguzi wanaomtibu wajue kila kitu: alitumia nini, lini, pamoja na nini, na kama ana dawa anazokunywa kila siku. Kuchanganya afyuni na pombe au vidonge vya usingizi huua haraka kuliko kila kimoja peke yake, kwa hiyo ukificha ile chupa ya pombe unamfunga daktari macho.

Ajue pia mtu mzima yeyote atakayebaki naye nyumbani mkiwa kazini. Huwezi kumkabidhi bibi mjukuu bila kumwambia dalili za hatari ni zipi. Na kila mzazi awe na mtu mmoja wa kumlilia, mmoja tu asiyevujisha. Wengine wanaweza kusubiri, au wasijue kabisa.

Kabla hujamwambia mtu yeyote nje ya hao, muulize kijana mwenyewe: "Ningependa mjomba ajue. Unaonaje?" Akikataa, mpe uzito. Anapotoka kwenye tukio ambalo mwili wake ulishikwa, ukachomwa sindano na kuvuliwa nguo bila yeye kujua, kuulizwa tu ni heshima anayoihitaji.

Daktari amezungumza na mwanangu faragha, na sasa hataki kunieleza yote. Ana haki hiyo?

Mara nyingi anayo, ingawa mipaka na umri hutofautiana kati ya nchi na nchi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 unalinda faragha ya mtoto katika kifungu cha 16, na kifungu cha 33 kinazitaka nchi zimlinde dhidi ya dawa za kulevya. Vifungu hivyo havipingani. Kijana akijua kila neno litafika kwa baba, atamwambia daktari anachotaka baba asikie.

Siri hiyo ina mwisho wake. Penye hatari ya kifo, ukatili au kudhulumiwa kingono, mtaalamu hupaswa kuwahusisha wanaoweza kumlinda mtoto. Badala ya kudai taarifa zote, uliza maswali yatakayokusaidia: Kuna hatari gani nyumbani wiki hii? Nifanye nini, na nisifanye nini? Miadi inayofuata ni lini, na ya nani? Hayo daktari atayajibu bila kuvunja siri. Nawe pia unaweza kumpa daktari taarifa hata kama yeye hakupi zake.

Tuliogopa kuita msaada kwa sababu ya polisi.

Hofu hiyo inaeleweka, na inaua. Baadhi ya nchi na majimbo yametunga sheria za kumkinga anayeita msaada asishtakiwe kwa kukutwa na dawa. New Mexico, Marekani, lilikuwa jimbo la kwanza nchini humo kufanya hivyo, mwaka 2007. Kwingine kinga hiyo haipo. Wakili au kituo cha msaada wa kisheria kitakueleza hali ya kwenu, lakini uliza mapema, siku ya utulivu. Siku ya dharura uhai hutangulia. Kwenye simu inatosha kusema "haamki na hapumui vizuri", kisha uwaeleze wahudumu walioko mbele yako alichotumia.

Shule ijulishwe?

Mtu mmoja shuleni, si shule nzima. Mshauri nasaha au mwalimu ambaye kijana mwenyewe anamwamini. Ombeni mjue kwanza taarifa itaandikwa wapi na nani ataisoma. Kama shule ina kanuni ya kufukuza mwanafunzi kwa dawa za kulevya, pateni ushauri kabla hamjapeleka barua yoyote, na cheti cha hospitali kinaweza kuandikwa kwamba alilazwa, bila kutaja ugonjwa. Jambo moja linabadilisha uamuzi huu: ikiwa dawa zilitoka shuleni, wapo watoto wengine hatarini usiku wa leo. Hapo toeni taarifa kuhusu dawa, bila kulazimika kutaja jina la mwanenu.

Kuna video yake akiwa ameanguka. Inazunguka kwenye makundi.

Mmoja wenu, asiyemzaa ikiwezekana, apige picha ya skrini yenye jina la akaunti, tarehe na saa. Huo ni ushahidi. Kisha iripotiwe kwa mtandao husika kama maudhui yanayomdhalilisha mtoto. Mitandao mikubwa ina sehemu ya kuripoti hivyo. Mwandikieni kiongozi wa kundi ujumbe mfupi: "Huyu ni mtoto, video imewekwa bila ridhaa yake, tafadhali ifute na uwaombe wanakundi wasiisambaze." Msiitume kwa mtu yeyote ili kumwonyesha ubaya wake. Msijibizane na wanaotoa maoni.

Na mwambieni kijana kwamba ipo. Inauma, lakini atakutana nayo tu, na ni bora aisikie kwenu, nyumbani, akiwa ameketi, kuliko kuiona kwenye simu ya mwenzake darasani.

Wadogo zake tuwaeleze nini?

Hapa ndipo familia nyingi hukosea kwa nia njema. Mtoto wa miaka tisa aliyeamshwa na kelele, akamwona kaka yake akiburutwa kuelekea kwenye gari, kisha akaambiwa "hakuna kitu, rudi ulale", hatalala. Atajijengea hadithi yake mwenyewe, na katika hadithi za watoto mkosaji huwa ni wao: labda ni kwa sababu nilimkasirisha jana, labda ni kwa sababu nilijua anavuta nikanyamaza.

Mwambie kweli kwa kipimo cha umri wake. Kwa mdogo: "Kaka alikunywa kitu kilichoumiza mwili wake, akashindwa kupumua vizuri. Madaktari wamemsaidia. Si kosa lako wala la mtu yeyote hapa nyumbani. Ukiwa na swali, niulize hata usiku." Kwa aliyekaribia umri wake, taja dawa kwa jina na sema hatari yake bila kutisha. Wape pia sentensi ya kuwajibu wenzao, maana wataulizwa: "Alikuwa mgonjwa, anaendelea vizuri, sitaki kuongelea zaidi." Ifanyieni mazoezi pamoja, kwa sauti.

Msimpe mtoto kazi ya ulinzi. Kumwambia dada mdogo "ukimwona na mtu yule uniambie" kunamgeuza mpelelezi ndani ya nyumba yake. Na mtengeeni muda wake ambao jina la mgonjwa halitajwi.

Je, alitaka kufa? Naogopa kumuuliza, nisije nikamtia wazo hilo.

Muulize. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo la kujiua. Mara nyingi kunampunguzia mzigo. Uliza wazi, mkiwa wawili tu, bila hasira: "Ulipomeza zile dawa, ulikuwa unataka kufa? Na sasa, wazo hilo bado lipo?" Jibu likiwa ndiyo, au kimya kinachokutia shaka, usimwache peke yake, na wasiliana siku hiyo hiyo na daktari wake, idara ya afya ya akili au simu ya msaada. Likiwa hapana, uliza tena siku nyingine.

Vyovyote iwavyo, dawa zote za nyumbani zifungiwe, pamoja na za babu na za mgeni, na zisizohitajika zirudishwe duka la dawa. Hatua hii ni ndogo na huokoa watu, kwa kuwa msukumo wa kujidhuru mara nyingi huja kwa kasi na kupita.

Nikague simu na chumba chake?

Kwa usalama, ndiyo, lakini kwa kumwambia. "Kwa wiki hizi za mwanzo nitaangalia chumba chako kutafuta dawa. Sitasoma shajara yako wala mazungumzo yako na rafiki yako wa kike." Kisha litimize neno hilo. Simu ni ngumu zaidi. Kama kuna dalili za muuzaji au za kutaka kujidhuru, mwombe aifungue mbele yako. Kuchungulia kwa siri akiwa bafuni huleta habari ya siku moja, na baada yake atahamia kwenye akaunti usiyoijua. Wekeni tarehe ya kupunguza ukaguzi, na mwiandike.

Ana wiki tatu hajatumia. Tunaweza kupumua?

Furahini, na muwe macho kuliko wiki ya kwanza. Aliyekuwa akitumia heroini au dawa nyingine za jamii ya afyuni akiacha hata kwa muda mfupi, mwili wake hupoteza uwezo wa kuhimili kiasi alichozoea. Akirudia kwa kipimo kile cha zamani, kinaweza kumuua. Ndiyo sababu siku za baada ya kutoka hospitali, jela au nyumba ya upataji nafuu ni za hatari sana. Siku hizi kuna na fentanili, dawa ya jamii ya afyuni yenye nguvu takribani mara 50 kuliko heroini, inayochanganywa kwenye dawa za mitaani bila mtumiaji kujua.

Kuvumilia arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa dawa uliyoizoea, siku chache chumbani si matibabu. Kwa uraibu wa afyuni zipo dawa zinazothibitika kupunguza vifo, methadoni na buprenofini, na daktari ndiye atakayeamua kama zinamfaa mtu wa umri wake. Anayezitumia hajabadilisha ulevi kwa ulevi. Wanaosema hivyo wanawatoa watu kwenye tiba inayowaweka hai. Kwa bangi, vichangamshi na vidonge vingine, msaada mkubwa ni ushauri nasaha, hasa ule unaoihusisha familia nzima. Vidonge vya usingizi na pombe visiachwe ghafla bila daktari iwapo alikuwa akitumia kila siku, kwa sababu anaweza kupata degedege.

Kurudia kutumia hutokea kwa wengi, na si mwisho wa safari. Kubalianeni mapema atampigia nani usiku huo, bila kugombezwa kwanza.

Naloksoni ni lazima tuwe nayo nyumbani?

Kama alizidisha afyuni, ndiyo, pale inapopatikana. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba watu wanaoweza kushuhudia mtu amezidisha dawa hizo, ndugu na marafiki wakiwemo, wapewe naloksoni na kufundishwa kuitumia. Ipo ya kupulizia puani na ya sindano. Haifanyi kazi kwa kokeini wala pombe, lakini ukiitoa kwa kukosea haitamdhuru.

Mpangilio wa dharura: mwite na kumtikisa, piga simu ya msaada, mpe naloksoni, mpulizie pumzi kama hapumui na umefundishwa. Akipumua bila kuamka, mlaze ubavu ili matapishi yasimkabe. Kaa naye. Usimwogeshe maji baridi, usimlazimishe kutapika, usimnyweshe maziwa. Kila mtu mzima nyumbani ajue dawa ilipo.

Mume wangu ananilaumu. Mimi namlaumu yeye.

Msitafute hakimu kati ya ndugu. Mkiwapa kesi hiyo, mtapata kambi mbili na siri kumwagwa kote. Uraibu huchangiwa na mengi: kurithi, maumivu ya nyuma, marafiki, upatikanaji wa dawa, na ubongo ambao haujakomaa hadi karibu miaka 25. Nendeni kwa mshauri mkiwa wawili. Yapo pia makundi ya familia, kama Al-Anon lililoanza Marekani mwaka 1951 kwa ndugu wa walevi, na Nar-Anon kwa ndugu wa watumiaji wa dawa, ambamo watu hutumia jina la kwanza tu na ya humo hubaki humo. Mengine hukutana kwa simu, kwa hiyo hakuna atakayewaona mkiingia mlangoni.

Na jifunzeni kumtambua akiwa mzima. Kuna mbinu ya kuzifundisha familia, inayojulikana kwa kifupi CRAFT, ambayo kiini chake ni hicho: kaa naye, mpikie, cheka naye siku asipotumia, na ujiondoe kwa utulivu akiwa amelewa. Makelele hayamo.

Ukoo unataka apelekwe mahali wanakowafunga na kuwachapa hadi wakome.

Kataeni. Mwaka 2012 mashirika 12 ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko la pamoja la kutaka vituo vya kuwazuilia kwa lazima watumiaji wa dawa vifungwe. Kabla ya kumpeleka popote, ulizeni: Kuna daktari au muuguzi? Watoto wanalala mbali na watu wazima? Tunaweza kumtembelea na kuzungumza naye bila msimamizi? Picha za wagonjwa huwekwa mtandaoni? Wakijikanyaga kwenye maswali hayo, rudini na mwanenu nyumbani.

Kijana wetu amefariki. Tuseme sababu?

Pole sana. Hamlazimiki kusema chochote kwa yeyote zaidi ya mamlaka zinazohusika, na hamlazimiki kuamua leo. "Amefariki ghafla nyumbani" ni tangazo kamili. Zipo familia zilizosema kweli kwenye mazishi na zikapata nafuu, kwa kuwa minong'ono ilikosa chakula, na rafiki zake waliokuwa wakitumia kitu kile kile walionywa. Zipo zilizonyamaza, nazo zilikuwa sahihi kwao. Mkiamua kusema, kubalianeni sentensi moja, wadogo zake waijue kabla ya umati, na msieleze namna wala kiasi.

Msimruhusu mtu amwite teja mbele yenu. Alikuwa na jina.

Tarehe 31 Agosti kila mwaka huadhimishwa kimataifa kukumbuka waliokufa kwa kuzidisha dawa, desturi iliyoanzia Melbourne, Australia, mwaka 2001. Wengine huona nafuu kuungana nayo, hata kwa kukaa kimya.

Mwandishi wa habari amepiga.

"Hatuna la kusema. Tunaomba jina na picha ya mtoto visitumike." Kata simu. Fungeni akaunti za kijana zisionekane na umma, kwa sababu picha huchukuliwa huko.

Mimi ni rafiki wa familia. Nisaidieje bila kuchokonoa?

Peleka chakula, uache mlangoni. Jitolee kazi yenye jina: "Nitawachukua wadogo shuleni Jumanne na Alhamisi." Usilete hadithi ya mtoto wa fulani aliyekufa vivyo hivyo. Usiulize alitumia nini. Rudi baada ya mwezi, wageni wakishaisha.

Sasa yuko vizuri, na anataka kusimulia yaliyompata mtandaoni. Tumruhusu?

Nia yake ni njema na inaweza kumsaidia mwenzake, lakini kama ana miaka 16 tu, kitakachowekwa leo mwajiri atakisoma miaka kumi baadaye. Mwombe aanze na duara dogo: kundi la vijana wanaopata nafuu, au mazungumzo ya shule yenye mshauri ndani. Aandike, kisha andiko likae miezi kadhaa. Muulize anataka nani asikie, na atajisikiaje akitukanwa. Sehemu zinazowahusu dada yake na nyinyi wazazi aziombee ruhusa, kama nyinyi mlivyomwomba yake. Akifika umri wa mtu mzima na bado anataka, uamuzi ni wake.